Dawa iingie kwenye ngozi, kisha ibaki hapohapo

Watu wengi wakisikia kwamba dawa za ngozi sasa zinafungwa ndani ya chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, hudhani lengo ni kuzipenyeza mbali zaidi, hadi kwenye damu. Mimi ninaishi na soriasisi, ugonjwa unaoleta mabaka yenye magamba kwenye ngozi, tangu sekondari, na sasa ni mfamasia hapa Moshi. Ninachokitaka ni kinyume chake: dawa iingie mahali penye ugonjwa, kisha itulie hapo.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zimepangwa kama matofali, na katikati yake kuna mafuta. Mwaka 2000 watafiti Bos na Meinardi walieleza kwamba molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupita hapo kwa shida sana. Takrolimasi, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ina daltoni 804. Siklosporini, ya kazi hiyohiyo, inakaribia 1,200. Ukiimeza inatuliza soriasisi kweli, ila figo zinaweza kuumia na presha kupanda. Ukiipaka tu, haifui dafu. Hata takrolimasi ya kupaka, ambayo huwasaidia wenye pumu ya ngozi, hukwama kwenye magamba mazito ya soriasisi, ambako seli zinazopaswa kukua kwa takriban wiki nne hupanda juu kwa siku chache tu.

Ndiyo maana bado tunategemea steroidi. Zinafanya kazi, nami nazitumia. Lakini ukizipaka muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba na michirizi inajitokeza. (Klobetasoli, steroidi kali ninayompa mgonjwa kwa cheti, ndiyo hiyohiyo inayochanganywa kwenye mkorogo. Inaniuma kila ninapoona uso wa binti ulioharibika kwa dawa ambayo ingemtibu mtu mwingine.)

Nilichokipenda zaidi katika utafiti wa nano ni habari ya vinyweleo. Chembe hizi, nyingi zikiwa za nanomita mia chache wakati unywele mmoja una unene wa karibu 80,000, kwa kawaida hazitoboi ngozi nzima. Zinajificha kwenye vishimo vya vinyweleo. Mwaka 2007 kundi la Jürgen Lademann wa hospitali ya Charité, Berlin, lilionyesha kwamba rangi iliyobebwa na chembe ilidumu ndani ya vishimo hivyo hadi siku 10, wakati rangi ileile bila chembe ilionekana siku 4 tu. Kwa mgonjwa aliyechoka kujipaka asubuhi na jioni, shati likigandamana na mafuta, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Jaribio hilohilo lilitumia pia ngozi ya nguruwe, na humo chembe zilizama zaidi pale ngozi iliposuguliwa, kwa sababu unywele ukichezacheza unazisukuma ndani. Hapo ndipo mgonjwa wa soriasisi anaposhtuka. Ngozi yetu ikisuguliwa au kukwaruzwa inaweza kuzalisha baka jipya palepale, na kishimo kilichozibwa na gamba hakipokei kitu. Kwa hiyo gamba lazima lilainishwe kwanza, na asidi ya salisiliki tunayo madukani.

Kuna suala la joto pia. Chembe nyingi za aina hii hutengenezwa kwa mafuta magumu, na mafuta hayo yakijipanga upya kadiri yanavyokaa, hasa kwenye joto, yanaweza kuitema dawa iliyomo. Baadhi ya watengenezaji huchanganya mafuta magumu na mafuta ya majimaji ili mpangilio ubaki na nafasi. Bila hivyo, kopo litakalofika kwa mgonjwa wa Tanga linaweza kuwa krimu ya kawaida iliyouzwa kwa bei ya juu.

Kama wewe ni mwanafunzi wa famasia unayetafuta mada ya shahada ya uzamili, nakuomba uanze na kichwa. Vinyweleo vimejaa hapo, magamba ni mazito, marashi yanaganda kwenye nywele, na wagonjwa wengi wanakificha chini ya kofia na mtandio. Tengeneza takrolimasi ndani ya chembe za mafuta, iwe nyepesi kama losheni, kisha iache kwenye rafu ya duka la Dar es Salaam lisilo na kiyoyozi kuanzia Desemba hadi Machi, ndipo uipime.