Kilo Hazikutuambia Kitu

Mama yule aliletwa kwenye kikao chetu cha asubuhi kama mgonjwa wa kupasuliwa tumbo wazi. Uvimbe wake ulikuwa sehemu ya saba ya ini, kule juu, nyuma, upande wa kulia, chini ya kiwambo cha kupumulia. Hata kwa mtu mwembamba, vifaa virefu vinavyopitishwa kwenye matundu madogo ya tumbo, pamoja na kamera, hufika huko kwa taabu. Na BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ilikuwa 38, unene wa kupindukia. Wengi waliiona namba hiyo wakaufunga mjadala.

Daktari bingwa niliyekuwa nikimsaidia alifungua picha za CT, akaanza kupima. Mafuta mengi yalikuwa chini ya ngozi. Ndani, kuzunguka utumbo, yalikuwa machache, na kifua hakikuwa na kina kirefu toka mbele hadi nyuma. Nafasi ya kufanyia kazi kwa matundu madogo ilikuwepo. Nilikuwa nimeshamshikia kamera mgonjwa mwembamba mwenye kifua cha pipa, ini limezama ndani ya mbavu, tukahangaika kweli kweli. Kwa hiyo nilimwelewa.

Tulimlaza mama kwa ubavu wa kushoto, kichwa juu kidogo, ili ini lilale kushoto kwa uzito wake lenyewe. Kitovu hatukukifuata, maana kwenye tumbo kubwa hushuka pamoja na ngozi, ukikitegemea unajikuta mbali na ini. Tulisubiri gesi ijae tumboni, shinikizo likafika milimita 12 za zebaki, ndipo bingwa akapapasa ukingo wa mbavu na kuchora alama upya.

“Elekeza mrija wa kupitishia vifaa kwenye uvimbe tangu kwenye ngozi,” aliniambia.

Nililielewa agizo hilo mikononi. Mrija ukiingia wima kwenye ukuta mnene, mafuta huubana, na kila ukitaka kugeuza kifaa unashindana na ukuta mzima wa tumbo. Ule niliouingiza kwa mshazari ulikwenda wenyewe. Vifaa vilikuwa vile virefu. Vya kawaida vingeishia njiani.

Kilichonitia hofu ni ini lenyewe: lilikuwa la njano, kingo butu, lenye mafuta, la kuchanika upesi. Bingwa alikata polepole, mshipa baada ya mshipa. Utepe uliozungushwa kwenye mishipa iingizayo damu kwenye ini ulikazwa dakika 15, ukalegezwa 5, ukakazwa tena. Daktari wa usingizi naye alibana maji ya dripu ili vena zisijae, kwani damu nyingi inayomwagika ini likikatwa hutoka kwenye vena hizo.

Uvimbe tuliutoa ndani ya mfuko, kwa mkato mfupi juu ya kinena. Mkato mrefu chini ya mbavu, kwa mtu wa umbo lake, ungemletea maumivu ya kupumua na hatari kubwa ya kidonda kuoza au ngiri baadaye. Kesho yake alikaa kitini, akavuta pumzi ndefu, akakohoa bila kushika tumbo. Mimi nilirudi kwenye picha za mgonjwa aliyefuata, nikaanza na kina cha kifua.