Zamu yangu kwenye chumba cha kemo, Dodoma

Saa 1:10 asubuhi

Kabla sijavaa koti naenda kwanza kwenye friji. Vinkristini, dawa ya saratani, inatakiwa kukaa gizani, kati ya nyuzi 2 na 8, na jana usiku umeme ulikatika. Jenereta lilishika. Kipimajoto kinasoma 5. Natia sahihi kwenye daftari, ndipo nakumbuka kwamba sijanywa chai.

Mimi ni mfamasia wa kitengo cha saratani katika hospitali moja hapa Dodoma. Wagonjwa wetu wanatoka Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Manyoni, na wengi wao wakisikia "kemo", yaani matibabu ya saratani kwa dawa, wanawaza kiwanda cha Ulaya. Kumbe vinkristini chanzo chake ni ua: lile dogo la pinki au jeupe, lenye asili ya Madagaska, ambalo hapa mjini limepandwa mbele ya nyumba kibao kwa sababu halisumbuliwi na ukame wetu. Kemikali yake ni alkaloidi, kundi la kemikali zenye naitrojeni ambazo mimea hujitengenezea na ambazo nyingi zinajulikana kwa uchungu wake. Kwinini ni ya ukoo huo. Mofini, nikotini na kafeini pia.

Saa 2:30

Karatasi za dozi zimeshuka kutoka wodini. Ya kwanza ni ya mtoto wa Kongwa mwenye limfoma ya Burkitt, ile saratani inayopenda kuvimbisha taya za watoto. Eneo la mwili wake ni mita za mraba 0.7. Dozi ni miligramu 1.5 kwa kila mita ya mraba, na hata mtu awe mkubwa kiasi gani, kwa kawaida hatuvuki miligramu 2. Napiga hesabu, mwenzangu anaipiga upya bila kuangalia yangu. Tunakutana kwenye 1.05.

Hiyo ni mililita moja na tone. Haina rangi, ukiiona kwenye sirinji utasema ni maji. Navaa glavu jozi mbili, nakaa mbele ya kabati la hewa safi, naivuta taratibu ili isitoe mvuke, kisha naiingiza kwenye mfuko wa dripu wa mililita 50. Nabandika lebo: KWA MSHIPA WA DAMU TU. INAUA IKIPITIA NJIA NYINGINE.

Hiyo lebo si mbwembwe. Watoto hawa huchomwa pia dawa nyingine uti wa mgongo, kwa sirinji ndogo. Katika nchi mbalimbali imetokea sirinji ya vinkristini ikachanganywa na hiyo, na waliochomwa karibu wote walikufa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba dawa hii iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, kwa kuwa hakuna mtu atakayejaribu kuchoma mfuko mgongoni. Kwa hiyo kwangu vinkristini haitoki ikiwa ndani ya sirinji, hata daktari awe na haraka ya namna gani.

Saa 4:00

Napanda nayo wodini mwenyewe. Mtoto analelewa na bibi yake, ambaye tangu aingie hapa haachi kuuliza maswali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ndiyo ile ya maua?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa si ningechemsha tu majani pale nyumbani? Nauli ya kuja huku unaijua wewe."

Naijua. Nikavuta kiti. Nilimweleza kwamba majani yale yana alkaloidi zaidi ya mia moja zilizochanganyika, na ile tunayoitaka ni kidogo mno: ili upate gramu moja unahitaji mamia ya kilo za majani makavu. Kikombe kimoja cha chai kinaweza kuwa hakina kitu, cha pili kikamwangusha mtu, na wewe mpishi huna namna ya kujua kipi ni kipi. Watu wanaouza "dawa ya ua" kwa mgonjwa wa saratani wananikera kuliko kitu chochote katika kazi hii, na bibi nilimwambia hivyo hivyo.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza jambo ambalo hata wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza: "Kama ni sumu ya kuua seli, mbona ua lenyewe halifi?"

Jibu lake ni zuri. Vinblastini, ndugu wa vinkristini, huundwa pale kemikali mbili zinapoungana, katarantini na vindolini. Mmea umezitenganisha: katarantini kwa sehemu kubwa hutolewa nje, kwenye nta iliyo juu ya jani, na vindolini hubaki ndani ya seli. Maadamu jani ni zima, hazikutani kirahisi.

"Lina akili," bibi akasema, akageuka kumfunika mjukuu.

Uvimbe wa taya umepungua tangu dozi ya kwanza. Burkitt iko hivyo. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja hivi, na kasi hiyo ndiyo inayoziponza. Seli inapogawanyika hutengeneza nyuzi za protini iitwayo tubulini, za kuvuta kromosomu nusu huku, nusu kule. Vinkristini hung'ang'ania tubulini, nyuzi haziundiki. Kromosomu zinabaki zimekusanyika katikati, hazina wa kuzivuta. Seli inasubiri, inashindwa kuendelea wala kurudi nyuma, na nyingi huishia kujiua zenyewe kwa utaratibu uliomo ndani mwake.

Namuuliza bibi kuhusu choo. Siku ya tatu mtoto hajapata. Naandika dawa ya kulainisha kwenye faili na kumtafuta daktari atie sahihi.

Saa 5:40

Sista ananiita mbio: mgonjwa mwingine, mama mtu mzima, dripu imetoka nje ya mshipa na mkono umeanza kuwaka. Dripu imeshafungwa, na sista anavuta iliyobakia kwa sindano ileile kabla ya kuitoa. "Barafu?" anauliza. Hapana, kitambaa cha moto. Kwa ile dawa nyekundu tunayoitumia sana tunaweka baridi, ila kwa jamii ya vinka, yaani vinkristini na ndugu zake, tunataka joto litanue mishipa ili dawa isambae na kuondoka badala ya kukaa sehemu moja ikichoma nyama. Mkono utachorwa kalamu pembezoni mwa wekundu na kuangaliwa kila baada ya saa chache.

Saa 7:30 mchana

Ugali na mlenda kwa mama ntilie nje ya geti, pamoja na wafamasia wawili walio mafunzoni. Ndipo swali la choo lilipoibuka tena: kama dawa inapiga seli zinazogawanyika, kwa nini tumbo linafunga na vidole vya miguu vinawaka ganzi, wakati seli za neva hazigawanyiki?

Hapa ndipo nataka kila anayeingia kitengo hiki akae kidogo. Dawa haiijui saratani. Inachojua ni tubulini, na tubulini ipo kila seli; tofauti ni matumizi. Kwenye neva, nyuzi hizo ni reli ya SGR: mizigo inayotengenezwa kwenye mwili mkuu wa seli husafirishwa juu yake hadi mwisho wa neva, ambao kwa mtu mzima anayetikisa kidole gumba cha mguu uko karibu mita moja kutoka mgongoni. Reli ikiharibika, wa mwisho wa njia ndio wanaokosa mzigo kwanza. Ganzi inaanzia miguuni na mikononi. Neva za utumbo nazo zinalegea.

Mmoja wao akauliza vinblastini. Muundo wake unatofautiana na vinkristini mahali padogo sana, na shabaha ni ileile, lakini yenyewe hushusha zaidi chembe nyeupe za damu kutoka kwenye uboho, wakati vinkristini huumiza zaidi neva. Na ndivyo ilivyogunduliwa. Huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walipokea majani kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kama chai ya kisukari. Panya walipopewa kwa mdomo, sukari haikushuka. Walipochomwa maji ya majani hayo walikufa kwa maambukizi, kwa kuwa chembe nyeupe zilikuwa zimeisha. Badala ya kutupa kazi, wakauliza ni nini kimezimaliza. Taarifa ya vinblastini ikatoka mwaka 1958. Vinkristini ikafuata, na Marekani ikairuhusu kutumika mwaka 1963.

Saa 9:00 alasiri

Kuhesabu stoo, kuagiza, kujaza fomu. Hakuna la kusimulia.

Saa 10:15

Kikao cha wagonjwa wagumu. Kijana ambaye uvimbe wake uliyeyuka, na sasa umerudi na hausikii dawa. Seli zilizosalia huenda zina pampu nyingi kwenye utando wake, protini inayoitwa P-glaikoprotini, inayoitema vinkristini nje kabla haijaigusa tubulini. Ubaya ni kwamba pampu hiyo haichagui: huzitema pia dawa nyingine kadhaa ambazo mgonjwa hajawahi hata kuzionja. Kwa hiyo kuongeza dozi kungeumiza neva tu, seli za uvimbe zikabaki zinapiga pampu. Tukabadilisha mpango, tukachagua dawa zisizopitia mlango huo.

Saa 2:20 usiku

Niko nyumbani, simu inaita. Daktari wa zamu: yule mtoto wa Kongwa ana utando mweupe mdomoni, fangasi, na kuna itrakonazoli kabatini. Nikamwambia asithubutu. Itrakonazoli inazuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja vinkristini. Dozi ileile ya leo asubuhi ingekaa mwilini kama dozi kubwa, na tumbo lenyewe tayari limefunga. Tumpe nistatini ya matone, ambayo hubaki mdomoni na tumboni bila kuingia kwenye damu.

"Ipo duka la dawa la chini?"

Ipo. Rafu ya pili, nyuma ya dawa za kikohozi.