Mchana huu wa Dar, mwanamke alale wapi?

Pita katikati ya mji saa nane mchana uwaangalie waliolala. Dereva wa bodaboda kajilaza juu ya pikipiki yake, mgongo kwenye siti, miguu juu ya usukani, kofia kaifunika usoni. Wa bajaji kajikunja siti ya nyuma, nyayo ziko nje. Kariakoo makuli wamelala juu ya magunia na ndani ya mikokoteni, na spika za wauza viatu zinazopiga kelele futi tatu kutoka masikioni mwao haziwagusi. Bustani ya Mnazi Mmoja wanaume wamejitandaza chini ya miti, shati ndiyo mto. Hakuna anayewageukia. Wamechoka, wamelala, basi.

Sasa mtafute mwanamke aliyelala. Utamkuta ndani ya daladala, kichwa kwenye kioo, mkoba kaukumbatia kwa mikono miwili. Utamkuta mama lishe kainamia meza yake baada ya masufuria kuoshwa. Zaidi ya hapo itakubidi utafute sana. Mwanamke akijinyoosha kwenye nyasi za mjini, watu wanamzunguka muda uleule: dada, unaumwa? Ana mimba huyo? Kapandisha mashetani? Na wakishajua haumwi, maneno yanayofuata ni mabaya zaidi.

Mimi jambo hili linanigusa kwa sababu ya ratiba yangu. Nafanya kazi redio, kipindi cha alfajiri. Gari la kazini linanipitia nyumbani Chanika watu wamelala fofofo, saa kumi na moja niko kwenye maikrofoni, saa tatu asubuhi nimemaliza. Jioni nasoma chuo, hapohapo mjini, na darasa linaanza saa kumi na moja. Kurudi Chanika katikati ya siku maana yake ni foleni ya kwenda na foleni ya kurudi, nauli mara mbili, na nikifika kitandani ni wakati wa kuamka. Kwa hiyo mchana wangu wote uko mjini, na usingizi nilioukosa usiku unanifuata kila ninapokwenda.

Kwa wanaodhani ni uvivu: mwili wa binadamu una saa yake, na saa hiyo inateremka kati ya saa saba na saa tisa mchana hata kama hukula wali. Aliyelala vizuri usiku anasinzia kidogo, anapiga miayo na kuendelea. Aliyeamka usiku wa manane anazimika. Kinachotakiwa ni kidogo sana, dakika 20 hivi. Ukipitiliza nusu saa unaingia kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa humo unaamka kichwa kama gunia la chumvi. Dakika 20 ndizo ninazozitafuta katika mji wa mamilioni ya watu, na ngoja niwaeleze ninakozipata.

Kila mtu atakutajia kwanza Bustani ya Mimea, kule Samora jirani na Makumbusho ya Taifa. Ni kweli ni pazuri. Bustani ile ilianzishwa mwaka 1893, enzi za Wajerumani, chini ya Profesa Stuhlmann aliyekuwa akisimamia kilimo cha koloni, na walikuwa wakijaribia humo mazao ya biashara. Mazao yamekwenda zake, miti imebaki: mijakaranda, mikrismasi, jamii za minazi za kila aina. Ukivuka geti joto linapungua palepale, utalisikia shingoni kwanza. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na nguo zinaganda mgongoni, sijui mahali pengine mjini pa wazi panapopoa namna ile.

Pale nakaa. Navua viatu, naweka nyayo kwenye udongo, nakula embe langu. Lakini kulala pale siwezi. Jani likianguka nafungua macho. Akipita mtu nyuma ya benchi nasikiliza viatu vyake mpaka viishie. Kukiwa kimya kabisa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu najua hata nikipiga kelele wa kunisikia ni nani? Kwenye bustani ile nimeona wanaume wakikoroma, na nimeona wanawake wawili wawili wakizungumza, lakini mwanamke peke yake aliyefumba macho sijamwona. Kimya ndicho watu wanachokisifia wakitaja sehemu za kupumzika. Mimi kimya hakinilazi. Kinachonilaza ni kujua kwamba kuna mtu ananiangalia kwa wema.

Ndiyo maana usingizi wangu mzuri kuliko wote mjini naupata kwenye chumba chenye watu, watoto na feni inayolia. Ni sehemu ya wanawake ya msikiti mmoja Kariakoo. Siutaji jina kwa kuwa chumba ni kimoja tu na siku nyingine tunabanana. Unapanda ngazi nyembamba pembeni, unaacha viatu, unaingia kwenye zulia jekundu lenye mistari ya safu. Baada ya Adhuhuri wenye haraka wanashuka, waliobaki wanajiegesha. Kuna mama anayeuza vitumbua, ndoo yake tupu kaiacha mlangoni. Kuna binti anayesomea famasi, kajifunika ushungi mpaka usoni, daftari liko kifuani. Wako waliotoka Muhimbili wanaosubiri majibu ya vipimo ya saa tisa, na watoto wao wanatambaa juu ya miguu yetu.

Karibu na mlango anakaa bibi mmoja na tasbihi yake. Si mfanyakazi wa msikiti, hakuna aliyemweka pale. Nikiingia namwamkia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Leo umechelewa.”

“Foleni, bibi.”

“Haya, swali ujilaze. Nipo.”

Hilo “nipo” lake ndilo linaloniangusha. Nasali, naweka mkoba chini ya kichwa, kanga juu ya miguu, na sijui kinachoendelea mpaka nisikie kidole kikinigusa unyayo: “Alasiri hiyo inakaribia.” Hajawahi kumwamsha mtu kwa bega. Kila mtu anaguswa unyayo, taratibu. Usingizi wa mchana, kailula, ni suna. Kwa hiyo pale hakuna anayeona aibu kulala wala anayemsema aliyelala. Nimelala kwenye nyumba za watu wenye magodoro ya bei na sikulala hivyo.

Kuna siku za mwezi ambazo mwanamke hasali, na msikitini sikai. Wanawake wenzangu wananielewa. Na siku hizo ndizo mgongo na kiuno vinataka pa kujiegesha kuliko siku zote. Hapo nakwenda Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, na kila nikishuka kituoni pale namkumbuka mwenye barabara, maana Bibi Titi ndiye aliyepita mtaa kwa mtaa kuanzia 1955 akiwatoa wanawake wa mji huu majumbani waingie TANU. Maktaba ina kanuni zake na mimi naziheshimu. Hulali kwa kujinyoosha. Unafungua kitabu kweli, unakisoma kweli, na usingizi ukikuzidi unakunja mikono juu ya kurasa na kuweka paji la uso juu yake. Wahudumu wanajua tofauti ya mtu aliyezidiwa na mtu aliyekuja kulala. Mmoja wao, mama wa makamo, hupita na kugonga meza kwa kucha mara moja tu, “Dada, kitabu,” kisha anaendelea na safari yake. Ananipa dakika zangu kwanza. Nina hakika huwa ananiona mapema.

Mwenzangu wa kazini ni Mkatoliki, na yeye ana Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, kule Sokoine Drive ukitazamana na bandari. Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902, kuta nene za zamani, na anasema ndani kunapoa kama umefungua mtungi. Anakaa benchi la nyuma na rozari mkononi. Kuna akina mama wa chama wanaopanga maua, wanamfahamu. Nilipomuuliza kwa nini haendi bustanini akanijibu kwamba pale wapo mama zake.

Pantoni ya Kigamboni nayo naipenda, ingawa haina usingizi. Siku kichwa kimejaa maneno ya studio navuka Magogoni hadi ng’ambo na kurudi, nimesimama ukingoni. Upepo wa bahari mchana una nguvu, kwa kuwa nchi kavu imepata joto na hewa ya baharini inakimbilia kujaza nafasi. Dakika chache tu, lakini nikishuka uso umefunguka. Asubuhi na jioni usijaribu, watu wamejaa mpaka huoni maji.

Nimeliacha mwisho duka la shoga yangu.

Anauza kanga na vitenge Kariakoo, fremu ndogo chini ya ghorofa kubwa. Mbele kaning’iniza doti mpya, nyuma ya kaunta kuna nafasi ya mtu mmoja kulala akijikunja. Ametandika maboksi yaliyofunguliwa, juu yake kanga kuukuu mbili, na mto ni robota la vitenge ambalo halijafunguliwa. Kanga mpya zina harufu yake, ya wanga na rangi, na chini kule harufu hiyo inakufunika. Mteja akisimama kaunta hanioni kabisa. Mimi namsikia. Wanawake wakinunua kanga wanasoma jina lake kwa sauti, kisha wanacheka au wananyamaza, inategemea wanamnunulia nani. Nasinzia nikisikia majina yakisomwa, moja baada ya jingine, na bei ikipatanwa, na shoga yangu akisema “chukua dada, rangi haichuji hii.” Mguu wake uko karibu na kichwa changu. Akisogea, nausikia wepesi wa hatua yake hata usingizini. Anaruka juu yangu kufuata doti za rafu ya nyuma bila kunigusa.

Nikiamka inakuwa zamu yake. Naosha uso kwa maji ya chupa, ananionyesha bei ya kila fungu, na bei ya mwisho ya kushukia, kisha yeye anateremka chini. Yeye naye anaamka alfajiri, ana watoto watatu na mama mkwe Tandika. Dakika 20 mimi ndiye mwenye duka. Wamachinga wa mbele wanajua, mgambo wakija wananistua mimi badala yake. Mara nyingi nimemwona akilala kabla hata kichwa hakijatua vizuri kwenye robota. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wanawake wengi wa Kariakoo, nyuma ya kaunta zile, wana mapatano kama yetu. Chungulia maduka ya mikoba, ya mawigi, ya vyombo vya plastiki: pale chini pana mtu, na aliye juu anamlinda.

Wazee wa Kariakoo wanazikumbuka nyumba za Kiswahili za vyumba sita. Mbele palikuwa na baraza, nyuma palikuwa na ua. Barazani wanaume walicheza bao na kulala mchana mbele ya macho ya mtaa. Uani wanawake walitandika mkeka chini ya mwarobaini, huyu anasukwa, yule anachambua mchele, mwingine kalala katikati yao na hakuna wa kumuuliza kitu. Nyumba hizo zimevunjwa karibu zote, yamepanda maghorofa ya fremu na stoo. Baraza lilipoondoka wanaume walihamia kwenye nyasi, pikipiki na mikokoteni. Ua ulipoondoka sisi hatukuhamia popote.

Mnazi Mmoja paliachwa wazi na wakoloni ili kutenga Kariakoo ya Waafrika na mji wa Wahindi na Wazungu. Leo ndiyo nyasi kubwa tuliyonayo katikati ya mji, na ningefurahi halmashauri ya jiji ikitenga kona moja ya wanawake, yenye kivuli, mabenchi yenye egemeo na mama wa kuisimamia. Lakini sitaki kuwangoja watu wa jiji peke yao. Kwenye maghorofa ya Kariakoo kuna fremu za ghorofa ya tatu na ya nne ambazo wateja hawapandi, zimekaa bila mpangaji. Mwenye jengo afikirie chumba kimoja: mikeka kumi, feni, sinki la kunawa uso, mlango unaofungwa kwa ndani, na mama mtu mzima mlangoni wa kushika mikoba na kuamsha watu kwa saa waliyosema. Choo cha mjini tunakilipia kila siku bila kulalamika. Na mkeka huo tutaulipia.