Mbezi Luis, Njia Zinapokutana

Nilipanda basi la mwendokasi Gerezani, Dar es Salaam, kabla jua halijakolea, nikashuka Kimara Mwisho na kuunganisha daladala ya Mbezi. Nilikuwa naelekea Luguruni, zilipo ofisi za Manispaa ya Ubungo. Kona moja baada ya nyingine konda anaita: Suka, Temboni, Kwa Msuguri. Barabara ya Morogoro imetanuka kweli huku, lakini imetanuka juu ya makazi ya watu. Mama niliyeketi naye alinionyesha mtaro wa zege. "Hapo, mwanangu, ndipo palikuwa sebuleni kwetu. Walivunja 2017." Nikampa pole, nikakosa la kuongeza.

Mbezi nilikuta mji. Tangu Stendi Kuu ya Magufuli izinduliwe Februari 2021, mabasi ya mikoani yaliyokuwa yakianzia Ubungo yalihamia hapa, na biashara ikayafuata: nyumba za wageni, maduka ya simu, mamantilie, wakala wa pesa kila baada ya hatua chache. Ila kwangu mimi stendi siyo iliyoibeba Mbezi peke yake. Zilizoibeba ni zile njia za pembeni, moja ya kwenda Goba, nyingine ya Malambamawili hadi Kinyerezi. Mtu wa Goba na mtu wa Kinyerezi wanakutana hapa, wananunua, wanaachana, bila kukanyaga Kariakoo.

Mwenda kwa miguu ndiye aliyesahaulika. Nilimtazama kijana mmoja aliyetandaza viatu juu ya turubai, pembezoni kabisa mwa lami. Bajaji ikikaribia, anavuta pembe ya turubai, inapita, anaitandaza tena, huku mteja mwenye kiatu kimoja mguuni akirukia pembeni. Mji unaopokea wasafiri wa nchi nzima unastahili njia ya waenda kwa miguu, kivuli, na soko lenye nafasi ya kijana huyu. Hilo naliona la haraka kuliko jengo lolote jipya la ghorofa.

Luguruni sikukawia. Daladala nyingine, Kibamba hiyo, nikahudumiwa, nikatoka. Zamani, Ubungo ikiwa bado sehemu ya Manispaa ya Kinondoni, shughuli kama hii ingenipeleka Kinondoni na kunilia siku nzima. Mchana nilikuwa nimesharudi Mbezi, nikachukua gari la Malambamawili, na chakula nikala Kinyerezi kwa dada yangu, kikiwa bado cha moto.