Swali Linalofungua Kitabu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza kikundi cha usomaji cha wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na kazi inayonichukua muda mrefu kuliko zote ni kuandika maswali matatu ya kwenda nayo Jumamosi.

Tuliposoma Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji, ambamo kiongozi Kinjeketile anawapa watu wake maji yanayosemekana kuwakinga na risasi za Wajerumani, nilianza na maswali ya aina niliyolelewa nayo: eleza sifa za mhusika mkuu, fafanua dhamira tatu. Wanafunzi walijibu upesi na kwa usahihi, tena kwa maneno yanayofanana, kwa kuwa wote walikuwa wamepitia mwongozo mmoja. Siwalaumu hata kidogo, kwani swali lilidai orodha, nao wakaleta orodha.

Juma lililofuata nilikosea upande wa pili. Niliuliza kama ni halali kiongozi kuwaficha watu wake ukweli kwa ajili ya umoja. Mjadala ulipamba moto, ukafika hadi kwenye siasa za leo na malezi ya nyumbani, lakini vitabu vilibaki vimefungwa mezani, na mtu ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja angeweza kushiriki mpaka mwisho. Tangu siku hiyo, swali ambalo asiyesoma anaweza kulijibu vizuri ninalifuta.

Swali lililotufaa lilikuwa fupi: Kinjeketile anaacha kuyaamini maji katika ukurasa gani? Nililiandika bila kuwa na jibu mfukoni, na nadhani wanafunzi walilihisi hilo, maana hawakuutazama uso wangu kutafuta dalili ya jibu sahihi. Walifunua kurasa. Mmoja alitusomea kwa sauti pale Kinjeketile anapogutuka kwamba, kwa utabiri alioutoa mwenyewe, watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, yaani watatawaliwa na mgeni mwingine, akasema shaka inaanzia hapo. Mwenzake alipinga kwamba kuhuzunishwa na utabiri si sawa na kuacha kuyaamini maji, na akadai amwonyeshe mstari unaosema hivyo. Msichana mmoja ambaye kwa kawaida husikiliza tu alisema kuwa ukurasa huo haupo, na akatupeleka mwishoni, ambako Kinjeketile, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo ilhali risasi zimekwisha kuwaua watu wake. Je, anakataa kwa sababu bado anaamini, au kwa sababu anawafikiria watakaozaliwa baadaye? Swali hilo la pili lilikuwa kwenye karatasi yangu, lakini lilikuwa na uzito zaidi lilipotoka kwao.

Ndiyo maana siku hizi ninatanguliza "wapi" kabla ya "kwa nini": mwanafunzi akishaweka kidole kwenye mstari, sababu anayoitoa huwa na mahali pa kusimama, na mwenzake huwa na kitu cha kupinga. Ninaepuka pia kufunga maswali mawili katika sentensi moja, kwa sababu anayejibu huchagua lililo jepesi.

Mimi binafsi nilikuwa nimeshika kwamba Kinjeketile anakufa akiwa haamini tena. Baada ya hoja ya msichana yule nimeirudia sehemu ya mwisho mara mbili na sina tena uhakika huo, kwa hiyo swali nimeliacha vilevile kwa ajili ya kundi la mwaka huu.