Mita tatu za Kilimanjaro

Muulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza urefu wa Mlima Kilimanjaro, atakujibu mita 5,895 kabla hujamaliza swali. Programu nyingi za masomo zitampa vema na nyota, basi. Kwangu hapo ndipo somo linapoanza. Namba hiyo ilitokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952. Mwaka 1999 mlima ulipimwa tena kwa GPS, ikapatikana 5,892.

Kwa darasa la watu 40, gawa makundi kumi, tableti moja kila kundi. Andika namba zote mbili ubaoni bila miaka. Kabla tableti hazijawashwa, kila kundi liandike kwenye karatasi linaamini ipi na kwa nini. Usiruke hatua hii: mtoto akishaliona jibu, sababu zake huzifuatisha jibu.

Kisha wafungue makala za Wikipedia ulizopakua kwa Kiwix, programu ya kusoma makala bila intaneti, wasake mambo matatu: nani alipima, lini, kwa chombo gani. Zisome mwenyewe jana yake. Makala nyingine hutaja namba moja tu, nawe utahitaji kuongeza ukurasa wako.

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, inatosha kuwa seva ya kuzigawia tableti makala hizo, bila intaneti. Ila Wi-Fi yake huelemewa tableti zikiwa nyingi, kwa hiyo iunganishe na ruta kwa waya. Faili la makala linalozidi GB 4 halikai kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, tumia mfumo wa exFAT. Na usichomoe umeme ghafla, zima kwanza, la sivyo kadi ya memori inaweza kuharibika.

Faida kubwa ya mpango huu ni kwamba hakuna anayejisajili. Programu inayodai jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mzazi ili mtoto asome kuhusu mlima, ikatae. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data za mtoto. Kataa pia saa inayohesabu sekunde: inamfundisha mtoto kubahatisha.

Wengi watachagua 5,892 "kwa sababu ni ya karibuni". Bado hawajafika. Waulize: mtu akisimama leo kilele cha Uhuru, simu yake ikamwonyesha 5,910, tufute vitabu? Waache wabishane hadi kengele ilie.