Sahani tupu, usaha umejaa

Mwaka 2008, mjini Arua, tulipokea usaha wa kidole tumbo kilichopasuka, umelowa kwenye pamba. Maabara tulipoupaka rangi ya Gram, ya kutofautisha bakteria, hadubini ilionyesha vijiti vyekundu tele, yaani bakteria. Kesho yake sahani ya damu, yenye chakula cha kuoteshea bakteria, ilikuwa tupu. Hapo ndipo wengi huandika "hakuna kilichoota", na mgonjwa akabaki na dawa za ampisilini na jentamisini huku homa haishuki. Jentamisini haiwezi kupenya bakteria anayeishi bila oksijeni, maana hiyo oksijeni ndiyo inayoiwezesha kuingia.

"Daktari, pamba hapana, ina hewa," nilimwambia aliyemtibu mgonjwa. "Vuta kwa sindano, mililita 2, utoe hewa yote. Nakuja kuichukua mwenyewe."

Usaha mpya ulinuka uvundo mzito, dalili ya bakteria wasiotaka oksijeni, nzuri kwa kazi yetu. Ndani ya nusu saa ulikuwa kwenye sahani ya damu yenye hemini na vitamini K, na nyingine yenye kanamisini na vankomisini ya kuzuia bakteria wengine. Tukaziweka kwenye mtungi wa kuoteshea bila oksijeni, tukaufunga. Baada ya saa kadhaa kiashiria kilikuwa bado buluu: oksijeni imo.

Mzee wetu wa maabara alipapasa mpira wa kifuniko, akauona mzima. "Mwanangu, paladiamu imelowa," akasema. Metali hiyo ya kuondoa oksijeni mtungini ikishika unyevu, haiunganishi tena hidrojeni na oksijeni kuwa maji. Tuliikausha kwenye oveni kwa nyuzi 160, saa 2, tukaanza upya. Safari hii kiashiria kilikuwa cheupe.

Baada ya saa 48 kwa nyuzi 37, makoloni ya kijivu yanayong'aa yalikuwa yameota. Tuliyahamishia kwenye sahani mbili, moja hewani, nyingine mtungini. Ile ya hewani haikuota kitu. Vipimo vilielekeza kwa Bacteroides fragilis, bakteria wa utumbo anayeishi bila oksijeni.

Nilidondosha nitrosefini, kemikali ya kupima kama bakteria huvunja dawa, kwenye karatasi ya chujio, nikasugua koloni juu yake. Rangi ya njano iligeuka nyekundu dakika chache tu baadaye. Wekundu huo ni pete ya beta-laktamu ikivunjwa na beta-laktamase, kimeng'enya cha bakteria, na ampisilini ina pete hiyohiyo. Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba kimeng'enya hicho huvuja na kuenea kwenye usaha, kikawakinga hata majirani ambao dawa ingewaua.

Kwa dawa ya metronidazo kimeng'enya hakina kazi, kwani haina pete hiyo. Daktari aliianzisha jioni ileile, miligramu 500 kila saa 8 kwenye mshipa, akaweka na mrija wa kutoa usaha. Siku ya tatu homa ilishuka, na mrija ukaanza kutoa maji mepesi yasiyonuka.